Mkono wa Raya na Fatiha Iliyosomwa Mapema

Wiki iliyopita niliwakabidhi nyinyi mnaoshika kazi yangu ufunguo wa kabati la mafaili, ule wenye kamba nyekundu, na nikawaonyesha namna ya kulipiga teke dogo upande wa kushoto ndipo mlango ufunguke. Nikadhani kazi yangu imekwisha. Kumbe mlikuwa mmenunua daftari jipya, mkaniwekea kalamu juu yake, mkaniambia niandike yale ambayo hayamo kwenye mafaili. Haya. Nina nafasi sasa, na mjukuu wangu analala mchana. Nitaandika polepole kama ninavyozungumza, na atakayechoka aruke ukurasa.

Nilianza kazi ya usaidizi wa sheria nikiwa na miaka thelathini kasoro, pale Chake Chake, kwenye chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino na nikabeba mkoba mpya uliokuwa na kalamu tatu na kitabu cha katiba. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya wiki chache tu, na moyoni nilijihesabu nusu wakili. Niliyemkuta mezani ni Mzee Faki, karani wa mahakama aliyestaafu, amevaa kofia ya kiua na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alinitazama viatu, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaniuliza karatasi iko wapi. Nikamuuliza karatasi gani. Akasema, "Yoyote. Humu hatuanzi na hasira, tunaanza na karatasi."

Hayo maswali mawili aliwauliza watu wote kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, na kwa mpangilio huohuo. Mwenye njaa alipewa kwanza chai na andazi, kwa sababu, alisema Mzee Faki, mtu mwenye njaa husimulia kisa kuanzia mwisho.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia karatasi ya kaboni. Nyinyi mnazo simu na mashine ya fotokopi, lakini sheria yake haijabadilika: barua inakwenda nakala mbili, moja unaiacha, ya pili unarudi nayo ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa, na hiyo yenye muhuri inakaa nyumbani kwa mwenye kesi, si kwetu. Kabati letu liliwahi kuvujiwa na mvua ya masika. Makasha ya bibi zetu hayajawahi. Ndiyo maana kadi za kliniki za Pemba hunukia udi: zimehifadhiwa pamoja na nguo za sikukuu. Mimi nimesoma kadi nyingi za kliniki, na hadi leo nikisikia harufu ya udi natafuta miwani.

Kesi za uzazi zilinijia kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee ofisini. Mama hawezi kumweleza Mzee Faki jinsi mtoto alivyokwama. Nitawaambia kosa langu la mwanzo, maana nalikumbuka kuliko mafanikio yangu yote. Alikuja mama mmoja wa Gando, mtoto wake amezaliwa dhaifu, hanyonyi vizuri, shingo haikazi. Nilimsikiliza nusu saa, nikawaka. Niliandika barua ya kurasa tatu kwa hospitali, nikatumia neno uzembe mara kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu Mzee Faki aliyahesabu. Baadaye, mtoto alipopimwa na daktari wa watoto, ikajulikana kuwa alipata maradhi hayo tumboni, miezi kabla ya uchungu, na wakunga walimhudumia vizuri sana. Nilirudi hospitali kuomba radhi. Mkunga mkuu alinipa kiti na maji ya kunywa, na jambo hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Kutoka siku hiyo nilijiwekea maswali manne, nanyi mnayo ukutani, lakini wacha niyaeleze kwa maneno ya kawaida. Swali la kwanza, mtoto ana nini hasa? Jibu analo daktari aliyempima, si jirani. Pili, ni nini kilichotakiwa kufanywa siku ile kwa mama yule? Tatu, je, hakikufanywa, au kilifanywa vibaya? Na la nne ndilo gumu: kingefanywa sawasawa, mtoto angekuwa mzima? Jibu la nne likiwa hapana, huna kesi, una msiba, na msiba una adabu zake. Mkae na mama huyo, mumsaidie kupata matibabu, msimtie kwenye vita visivyokuwa vyake.

Likiwa ndiyo, hapo kuna kazi. Na sasa nitawasimulia kazi ya Raya, maana najua ndiyo mliyotaka tangu mwanzo.

Raya alizaliwa miaka saba iliyopita katika hospitali moja hapa kisiwani, ambayo sitaitaja kwa sababu leo ni hospitali nyingine kabisa, ingawa kuta ni zilezile. Mama yake ni Zuwena, wa Vitongoji, na baba yake ni Khatib, seremala wa vitanda, mtu mpole ambaye hupiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Nyumbani kwao alikuwapo Bi Mize, mama yake Zuwena, ambaye alikuwa amewakanda watoto wachanga wa mtaa mzima kwa mafuta ya nazi. Bi Mize ndiye aliyegundua. Siku ya nne alimlaza mtoto kwenye mapaja yake, akanyoosha mguu ukavutwa na mtoto, akanyoosha mwingine ukavutwa, mkono wa kushoto ukavutwa, mkono wa kulia ukabaki pale alipouweka.

Kwa siku kadhaa hakumwambia mtu. Alidhani anakanda vibaya. Kisha akaja ofisini kwa miguu yake, akakaa, Mzee Faki akamuuliza kama amekula. Akasema, "Sikuja kula. Nkono wa ntoto wangu hauitiki."

Nikauliza kama wamerudi hospitali. Akanieleza mambo mawili. La kwanza, Zuwena alikuwa bado ndani, arobaini haijatimia, na mzazi hatoki. La pili lilikuwa zito zaidi. Siku ya kuruhusiwa, wakubwa wa hospitali walikaa na Khatib na wazee wa mtaa, wakasema uzazi ulikuwa mgumu, ni majaaliwa, mtoto atachangamka. Shehe wa msikiti wao alikuwapo. Wakapeana mikono, wakasameheana, wakasoma fatiha, na Khatib akatia saini karatasi isemayo kuwa familia haina lalamiko.

Wageni husikia hivyo wakafikiri watu wetu ni waoga. Siyo. Hapa kwetu ugomvi ukifungwa kwa fatiha umefungwa, na atakayeufungua huonekana amevunja neno mbele ya Mungu. Ni desturi nzuri, imeokoa ndoa na mashamba mengi. Kasoro yake siku ile ilikuwa moja: waliisoma kabla ya kujua wanasamehe kitu gani. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kanga mbili, na hakuna aliyeuona mkono.

Nilikwenda Vitongoji asubuhi yake. Khatib alinipokea vizuri, akanipa kigoda alichokitengeneza mwenyewe, na akanikatalia kila kitu. "Bi Maryamu," akaniambia, "nimeshapiga fatiha. Nikirudi kudai, nina uso gani?"

Nikamweleza alichokuwa hakijui. Shingoni mwa mtoto kuna mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Kichwa kikitoka, bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama, kuna namna za kulikwamua: mama hukunjwa magoti kifuani, mtu wa pili hubonyeza juu ya kinena, na haivutwi shingo kwa nguvu. Mishipa ikivutika, mkono hulegea. Mara nyingi hupona wenyewe kwa mazoezi mepesi, mara nyingine unahitaji bingwa, na bingwa hutaka kumwona mtoto katika miezi ya mwanzo, si baada ya mwaka. Nikamwambia, kesi inaweza kungoja kidogo, ingawa nayo ina muda wake. Mkono hauwezi kungoja.

Aliinamisha kichwa. Alimpenda mtoto wake, hilo mtu yeyote angeliona. Tayari alikuwa ameanza kutengeneza kitanda chake chenye maua pembeni. Lakini alikuwa ametoa neno.

Zamani ningeandika barua ya kurasa tatu. Safari hii nilirudi kwa Mzee Faki, ambaye alikuwa mzee sana wakati huo na anakuja ofisini kwa mazoea tu. Alinisikiliza, akafuta miwani, akasema kama fatiha ndiyo iliyofunga mlango, niende kwa aliyeisoma.

Kwa hiyo tulikusanyika barazani kwa Khatib, baada ya sala ya alasiri. Shehe alikuja na fimbo yake. Bi Mize alimleta mtoto, akamfungua kanga mbele ya wote, akainua mkono wa kulia na kuuachia. Ukaanguka kama kitambaa. Shehe akamgeukia Khatib.

"Siku ile ulisamehe haki ya nani?"

"Yangu, shehe."

"Na nkono huu ni wa nani?"

Khatib akamtazama mtoto. "Wa Raya."

"Raya amesamehe?"

"Raya ana siku ishirini na sita, shehe."

"Basi mngoje akue umuulize. Mpaka hapo wewe ni mlinzi wa haki yake, na mlinzi hagawi cha mtoto." Kisha akatugeukia sisi sote, akasema kwa sauti ya chini, "Fatiha ile niliisoma mimi. Nilitakiwa kuuliza kwanza. Sikuuliza."

Nimesikia hukumu nyingi mahakamani tangu wakati huo. Hiyo ya barazani naiweka juu kabisa. Wakili wetu wa kujitolea alikuja kuniambia jambo hilohilo kwa lugha yake: mzazi akisaini karatasi bila kuelezwa, saini hiyo haimalizi haki ya mtoto hivihivi. Alichukua muda zaidi kuliko shehe, lakini walifika mahali pamoja.

Ikabaki arobaini. Mtoto ananyonya, hawezi kwenda bila mama, na mama hatoki. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, ila Bi Mize hakunipa nafasi. Alisema kama ni lazima, basi binti yake atatoka kwa masharti yake. Siku ya pili Zuwena aliingia kwenye gari amevaa soksi mbili, kanga mbili chini ya buibui, pamba masikioni, na amefukizwa hata dereva akapiga chafya njia nzima. Bi Mize alikaa katikati kama askari. Tulipofika kwa daktari wa mazoezi ya viungo, yeye alitaka kufungua dirisha. Akatazamwa mara moja tu na Bi Mize. Dirisha likabaki limefungwa.

Daktari huyo alikuwa kijana, na alimfanyia Bi Mize heshima ambayo sijaisahau. Hakumwambia aache kukanda. Alimwambia mikono yake ndiyo inayohitajika, ila asikaze, asivute, akamfundisha namna mpya: kuinua mkono polepole, kuuzungusha nje, kukunja kiwiko, kila mtoto akibadilishwa nguo. Bi Mize akauliza mara ngapi kwa siku. Daktari akataja. Bi Mize akaongeza mara mbili.

Matibabu yakiwa yameanza, ndipo tukaandika barua. Ukurasa mmoja. Neno uzembe halikuwamo. Tuliomba nakala ya faili la uzazi, tukaambatanisha kadi ya kliniki iliyonukia udi. Kwenye kadi, muuguzi wa kliniki alikuwa ameandika tangu mwezi wa saba wa mimba kwamba mtoto wa kwanza wa Zuwena alikuwa mkubwa na bega lilikwama, hivyo huyu wa pili azaliwe mbele ya daktari. Tulipeleka nakala mbili, tukarudi na moja yenye muhuri. Tukafuatilia kila Jumatatu, kwa salamu na tabasamu, mpaka karani wa pale akawa ananiwekea kiti kabla sijaomba.

Faili lilipotoka, familia ilikuwa imeshaamua nani mkosa. Ni mkunga aliyemzalisha Zuwena, Neema, Mbara wa Singida, ndiye aliyevuta. Bi Mize alikuwa na majina kadhaa juu yake ambayo sitayaandika kwenye daftari jipya.

Nikawasomea. Kwa wino wa buluu, mwandiko wa shule, Neema alikuwa ameandika kila kitu. Saa tisa alasiri, nimempigia daktari wa zamu, hakupokea. Saa tisa na robo, nimempigia tena. Saa tisa na nusu, nimemtuma mhudumu kumtafuta, hayupo. Wazazi watatu wodini, mkunga ni mimi peke yangu. Kichwa kimetoka, bega limekwama, nimeomba msaada, hakuna. Na mstari wa mwisho: mkono wa kulia hausogei, nimemwarifu mkubwa wa wodi.

Kwa hiyo wakubwa wa hospitali walijua. Siku ile ya fatiha, walijua kuhusu mkono. Yule aliyeandika ndiye pekee ambaye hakuitwa kwenye kikao.

Khatib aliondoka, akasimama nje kidogo. Bi Mize akasema, "Huyu ntoto wa watu alikuwa peke yake." Jumamosi alimpelekea Neema mikate ya mofa iliyofungwa kwenye kitambaa, na sijui walizungumza nini, ila walichukua saa mbili.

Hapa ndipo familia huuliza: sasa tufanye lipi? Waelezeni njia zote, na waache wachague wao. Wanaweza kukaa na hospitali wakaelewana kwa maandishi. Wanaweza kulalamika wizarani na kwenye mabaraza yanayosimamia madaktari na wauguzi, ambayo hutazama mwenendo wa mtu kazini lakini hayalipi fidia. Wanaweza kwenda mahakamani kudai fidia, na ikiwa hospitali ni ya serikali, notisi hutangulia kabla ya kufungua kesi. Njia moja haifungi nyingine, mradi msisaini kitu kinachoifunga. Na muda wa kudai una mwisho. Kwa mtoto, sheria huwa na subira zaidi, lakini msiitegemee hiyo. Mpelekeni mtu kwa wakili mapema.

Khatib alichagua kutoa notisi, kisha akasema yuko tayari kukaa mezani kwanza. Alitaka mambo matatu, na aliyataja kwa kuhesabu vidole, kwa sauti yake ileile ya kupiga hodi. Mkono utibiwe mpaka mwisho, hata kama ni kwa bingwa wa Bara. Waandike kilichotokea, kwa ukweli. Na mkunga asiachwe tena peke yake.

Mkubwa mpya wa hospitali aliposoma faili hakubishana. Kikao kilichukua asubuhi moja, wakili wetu akiwa upande wetu. Waliandika kosa lao bila kupamba, wakakubali gharama za matibabu na safari, na ile karatasi ya zamani ikafutwa. Yule daktari wa zamu alijibu kwa baraza lake. Na ratiba ya wodi ya uzazi ikabandikwa upya, wakunga wawili kila zamu, na namba ya daktari wa pili ikiwa wa kwanza hapokei. Neema aliitwa safari hii. Alikaa karibu na Zuwena.

Mwishoni shehe, ambaye naye alialikwa, akauliza, "Kila mtu anajua sasa anasamehe nini?" Wakasema wanajua. Akamtazama Khatib. Khatib akasema yeye anasamehe cha kwake, na cha Raya kimeandikwa. Ndipo wakasoma fatiha, na nawaambia, ilisomwa kwa sauti ya kutosha.

Bingwa wa Bara alimwona Raya akiwa na miezi mitatu. Alikuta kiwiko kimeanza kukunjika na akaamua upasuaji hauhitajiki, mazoezi yaendelee. Yakaendelea miaka. Bi Mize hakukosa hata siku ya sikukuu. Mkono ukafika kifuani, ukafika kidevuni, siku moja ukafika mdomoni na kipande cha halua, na mtaa mzima ukaarifiwa.

Mzee Faki hakuwahi kuona mwisho wake, Mungu amrehemu. Mimi nimeuona, na ndio ninaomalizia nao.

Mwanzo wa mwaka huu, wiki zangu za mwisho kazini, Zuwena alinipigia simu nije Vitongoji, Raya anaandikishwa shule. Nikaenda. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapokea cheti cha kuzaliwa na kila kitu kimekamilika, lakini yeye ni mtu wa zamani, na kwa mazoea humtaka kila mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, kama tulivyopimwa sisi ambao hatukuwa na vyeti. Hakujua habari za Raya. Khatib alinyanyuka ili amweleze. Zuwena akamshika kanzu.

Raya alikuwa na mkono wa kushoto mzima kabisa. Akauacha. Akainua wa kulia. Ukapanda mpaka utosini, ukavuka kidogo, ukasimama. Vidole vikabaki hewani, upana wa viganja viwili kutoka sikioni. Akajaribu tena. Vilevile. Raya akafikiri kidogo, kisha akainamisha kichwa upande wa kulia mpaka karibu kugusa bega, sikio la kushoto likapanda juu, na kidole kikalikuta.

Mwalimu akavua miwani, asijue aandike nini. Alimtazama Khatib, akanitazama mimi. Bi Mize, aliyekuja nao shuleni, ndiye aliyejibu.

"Mwalimu, si ulitaka kidole na sikio vikutane? Vimekutana. Hukusema nani amfuate mwenziwe."

Mwalimu aliandika jina la Raya kwenye daftari lake, na Raya akauliza kama anaweza kushusha mkono sasa.